Naendelea Vizuri, Bosi

Mwenye simu alikuwa mgonjwa. Simu yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Ililia asubuhi kabla maji ya chai hayajachemka, ikalia tena chai ilipokuwa inapoa. Kila ilipolia, binti alitoa mkono nje ya blanketi kama kobe anavyotoa kichwa, akapapasa chini ya mto, akaipata, akakohoa kwanza ndipo akasema, "Haloo, shikamoo bosi."

Mama alikuwa mlangoni na kikombe mkononi, hajui aingie au asubiri. Tangu mtoto aandikiwe mapumziko, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kusimama mlangoni na kitu kinachopoa. Mara ya kwanza bosi alipiga kuuliza ufunguo wa kabati la sabuni umewekwa wapi. Halafu akataka kujua mashuka yenye uzi wa bluu ni ya hoteli gani na yenye uzi mwekundu ni ya hoteli gani. Halafu ile mashine kubwa ya pasi ilikuwa inatoa mvuke ubavuni, je, huwa anaifanyaje ikitoa mvuke ubavuni? Binti alijibu yote akiwa chali, macho kayafumba, sauti inatoka kifuani kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Ungedhani kiwanda kizima cha kufulia kimehamia chini ya mto wake.

Na bosi mwenyewe hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, mtu angejua pa kumshikia. Alikuwa msimamizi kijana, shati jeupe, sauti ya chini, na kila alichotaka alikitanguliza kwa pole. Pole kwa kuumwa, pole kwa usumbufu, nisamehe dada yangu, hivi ule ufunguo uko wapi? Wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Pole. Walisema akikupa pole moja ni salamu, akikupa mbili kuna zigo linakuja, akikupa tatu aga wenzako.

Binti naye kazini alikuwa na jina lake, Dada Pasi, kwa kuwa ndiye aliyesimama kwenye ile mashine ya mfuniko inayomeza shuka lililojikunja na kulitema limenyooka. Alitoka kwenye joto lake akiwa amelowa jasho, akapita uani kwenye upepo kuchukua fungu jingine, akarudi kwenye joto. Kifua cha mtu si chuma. Daktari alipomsikiliza mgongoni alisema ni nimonia, na imebaki hatua moja alazwe. Akampa sindano, vidonge, na karatasi ya kupeleka kazini. Alale. Asiguse mvuke. Hata maneno ayabane.

"Nimonia ukiifukuza nusu," alisema, "inarudi na kaka yake."

Baba wa nyumba hiyo alikuwa mlinzi zamani, siku hizi kazi yake ilikuwa kiti na redio isiyokubali kutengenezeka. Kutoka kwenye kiti hicho aliona mengi. Alisema huyu mtoto hajapewa mapumziko, amehamishiwa ofisi kitandani. Mama akamjibu kwamba wanampigia kwa kuwa wanamtegemea, na kwamba tangu yeye astaafu hajapigiwa hata na aliyekosea namba.

Lakini moyoni Mama aliogopa. Binti alikuwa kibarua kwa miaka, leo yupo kesho hajulikani, na sasa ndiyo kwanza jina lake lilikuwa limepelekwa juu ili apewe ajira ya kudumu. Mwisho wa mwezi wangetajwa waliochukuliwa. Ajira ya kudumu maana yake mtu akiugua analipwa, akizeeka anakumbukwa. Nyumba yote ilimwegemea huyo binti kama mboga inayotambaa inavyoegemea ua, na kila asubuhi getini pa kiwanda walisimama wasichana wengine wenye mikono mizima, wakisubiri mmoja wa ndani aanguke. Kwa hiyo binti alipotaka kuizima simu japo asinzie, ni Mama mwenyewe aliyemkataza.

"Usiizime, mwanangu. Watasema umeanza kuringa."


Mchana binti alipata usingizi. Ulikuwa usingizi wa kweli wa kwanza, mdomo wazi, jasho limemlowesha shingo. Mama alimtazama, akaitazama na ile simu iliyochungulia chini ya mto. Akaichomoa taratibu kama mtu anayeiba yai chini ya kuku anayeatamia, akaitia kifuani anapotia kila kitu chake cha thamani, akatoka nayo uani kufua.

Alikuwa amepanga vizuri. Ikilia, ataipokea, atasema kwa heshima kwamba yeye ni mama yake, mgonjwa amelala, akiamka ataambiwa. Maneno hayo aliyarudia akisugua, mpaka povu likamzoea.

Simu ilipotetemeka kifuani alishtuka kama aliyetambaliwa na mdudu. Akafuta mkono, akabonyeza.

"Haloo."

Sasa, katika ukoo huo sauti hurithiwa kama pua. Kwenye simu hakuna aliyeweza kuwatenganisha Mama na bintiye. Baba mwenyewe aliwahi kumgombeza mtoto simu nzima kwa kosa la mama mtu, na mtoto akanyamaza kwa adabu hadi mwisho.

"Dada Pasi," ilisema ile sauti ya chini, inayotabasamu. "Leo hata shikamoo hamna?"

"Shikamoo bosi," alisema Mama.

Ilimtoka yenyewe. Mtu akidaiwa salamu, ulimi haungoji ruhusa ya kichwa. Naye kule akaitikia, "Marahaba," kwa raha zake, na hapo ndipo mlango ulipojifunga. Mwanamke mwenye mvi amemwamkia kijana ambaye angeweza kumbeba mgongoni. Shikamoo ikishatoka haina pa kurudishiwa. Akisema sasa kwamba yeye ni mama mtu, atakuwa amejivua nguo mbele ya mtoto wa watu, na kijana naye ataaibika kwa kuipokea. Bosi aliyeaibika husahau vyote isipokuwa aliyemwaibisha. Mama aliona heri aende mbele kidogo, mazungumzo yaishe, simu irudi chini ya mto, na ulimwengu usijue.

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, bosi. Namshukuru Mungu."

Angesema nini kingine? Ndivyo alivyolelewa. Hata nyumba yenye msiba, ukiingia ukauliza habari, utaambiwa nzuri, kisha watu ndio walie. Naye aliwalea wanawe hivyohivyo. Huyuhuyu binti, alipokuwa mdogo, aliwahi kuulizwa na mgeni hajambo, akajibu kwamba tumbo linamuuma. Mama alimfinya nyuma ya mlango. Mgeni hapokewi kwa tumbo, alimwambia. Mgeni anapewa nzuri yake kwanza.

"Hata sauti imerudi," alisema Bwana Pole. "Leo sikusikii ukikohoa."

"Ndiyo, bosi."

"Basi pole sana, pole. Kesho tuna mzigo wa hoteli mbili, na huyu niliyemweka mahali pako ameshaunguza mashuka. Tuonane asubuhi?"

Mama alitazama nguo kwenye beseni kana kwamba zingemjibia.

"Mungu akipenda, bosi."

Kwa watu wenye adabu, Mungu akipenda ni mlango unaofungwa polepole ili usigonge. Unamwambia anayekualika shughuli ambayo huendi. Anayealika anajua, asiyekwenda anajua, na wote wanaachana wakicheka. Ila Bwana Pole alikuwa na mashuka ya hoteli mbili, akaipokea kama ahadi iliyopigwa muhuri.

Mama aliirudisha simu chini ya mto. Binti hakuamka. Hakumwambia yeye wala baba yake. Alimaliza kufua, akafagia uani, akakaa, akainuka, akafagia tena palepale alipokwisha kufagia. Baba alimuuliza kutoka kwenye kiti kama anatafuta maji chini ya ardhi.


Asubuhi honi ililia nje. Gari la kiwanda, lile la kubebea mashuka, lilikuwa limeziba nusu ya njia, na majirani wawili walikuwa tayari wamepata sababu ya kumwaga maji nje. Dereva akabisha hodi, akaingia akisugua viatu. Alikuwa mtu wa kucheka.

"Nimemfuata Dada Pasi," alisema. "Bosi kasema jana waliongea wakakubaliana, mgonjwa kapona."

Binti alijiinua kwa viwiko. Alisema hakuongea na mtu. Dereva akacheka, akasema labda homa imemfuta kumbukumbu, maana bosi amewatangazia wote kwamba hata kikohozi kimeisha. Binti akaichukua simu, akaitazama. Ilionyesha wazi kwamba bosi alipiga mchana, saa zile alizokuwa amelala, na simu ilipokelewa.

Akainua macho kwa Mama.

Mama alikuwa ameshika chupa ya chai. Aliitazama chupa hiyo kana kwamba ndiyo kwanza aione maishani, maua yake, mpini wake, mahali ilipopasuka.

Baba aliacha redio. Alisema mgonjwa haendi popote, daktari aliandika, na karatasi ilipelekwa. Dereva akajibu kwa heshima kwamba yeye ni usukani tu, usukani hausomi karatasi. Halafu akainama kidogo kwa binti, kicheko kikamtoka usoni.

"Nakuambia kama kaka yako. Jana umekubali, leo ukatae mlangoni, watasema tangu mwanzo ulikuwa unadanganya. Na majina yanatoka mwisho wa mwezi."

Neno moja la Mama lingetosha. Ni mimi. Maneno mawili basi, hata yakihesabiwa. Hakuyatoa, kwa kuwa pale palikuwa na dereva, na mume, na majirani wenye ndoo zisizokwisha maji, na kila mmoja angesikia kwamba alimpa shikamoo kijana wa shati jeupe kisha akamkabidhi mwanawe. Akajiambia atasema gari likiondoka. Akajiambia labda kweli amepata nafuu, jana alilala vizuri. Mtu akiogopa, uongo anaoupata kwanza ni ule wa kujidanganya mwenyewe.

Binti aliomba sweta lake. Alivaa akiwa ameketi, akapumzika kati ya mkono mmoja na wa pili. Alipompita mama yake mlangoni, alisema kwa sauti ndogo ambayo dereva hakuisikia.

"Mama, ungeniamsha tu."


Gari lilipokwisha kukata kona, Baba hakurudi kwenye redio. Alimtazama mkewe akizunguka chumba, anakunja blanketi, analikunjua, analikunja. Alimwambia aseme. Mama akasema. Alisema yote akiwa amempa mgongo, hata ile salamu.

"Ulimwamkia?" aliuliza Baba.

"Ilitoka."

"Miaka yote hii nimekuoa, mimi mwenyewe sijaipata hata moja."

Walicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichoishia katikati, na baada yake chumba kikawa kikubwa kuliko mwanzo. Baba akashika redio, akaiweka chini.

"Umemjibia mtoto ugonjwa wake," alisema. "Sasa nenda ukamjibie na huko."

Alikwenda kwa miguu, kwa kuwa hakuweza kusimama kusubiri gari. Alitembea kama mtu anayefuatwa, akawapita watu aliowajua bila kuwasalimu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kusema.

Getini pa kiwanda wale wasichana walikuwepo, wameegemea ukuta. Mlinzi alimtazama kuanzia viatuni. Alimwambia nafasi hakuna, na hata zikipatikana hawachukui wazee. Msichana mmoja akasema mwacheni bibi naye ajaribu bahati, wenzake wakacheka, si kwa ubaya, kwa uchovu tu wa kusimama. Mama alisema hakuja kuomba kazi, amekuja kumtoa aliye nayo. Wale wasichana wakaacha kuegemea ukuta. Mlinzi akamfungulia.

Ndani palikuwa na joto la kinywa cha mtu. Mvuke ulining'inia darini, mashine zilizunguka, na kila mahali palikuwa na vilima vya mashuka meupe, safi huku, machafu kule. Wa kwanza kumwona alikuwa shoga wa binti, yule waliyemwita Foronya kwa sababu alikunja foronya tangu asubuhi hadi jioni. Alimshika mkono, akamwambia afadhali amekuja, kwani mwenzake ameshaketi chini mara kadhaa na kila mara anainuka anasema ni kizunguzungu tu.

Binti alikuwa kwenye mashine yake. Alishusha mfuniko, mvuke ukamfunika uso, akaupandisha, akavuta shuka. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Mama hakuipenda. Alipomwona mama yake hakushangaa. Alivuta shuka jingine.

Kabla Mama hajamfikia, Bwana Pole alikwisha kufika, mikono ameikutanisha kwa mbele kama mtu aliye msibani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Mama, na neno hilo lilikuwa chungu, kwa kuwa jana tu yeye ndiye aliyemwamkia kijana huyo.

Alimkaribisha vizuri, akamuulizia Baba, akataka aletewe kiti. Mama alisema hakai. Alisema mtoto anaumwa, ana karatasi ya daktari, amekuja kumchukua. Bwana Pole akasikitika kweli. Huyo kijana hakuwa akiigiza, ndivyo alivyokuwa. Akasema yeye si mnyama. Asingethubutu kumtoa mgonjwa kitandani. Alipiga tu kumjulia hali, na mwenyewe, kwa kinywa chake, akasema anaendelea vizuri.

"Pole sana mama, naelewa uchungu wa mzazi. Pole. Lakini si tumuulize mwenyewe? Yupo hapa."

Akamgeukia binti. Wafanyakazi wakapunguza kasi ya mikono, hakuna aliyetaka kupitwa.

"Dada Pasi, wewe sema mbele ya mama. Unaendeleaje?"

Binti alimtazama bosi. Aliwatazama wenzake, halafu mama yake, na Mama aliiona ile sura ya utotoni, ya nyuma ya mlango, inayosubiri kufinywa.

"Vizuri, bosi," alisema.

Kikohozi kikamkamata hapohapo. Kilimkunja, kikamshikisha ukingo wa mashine, na kilipomwachia alibaki ameinama, mate yanamning'inia. Hakuna aliyecheka. Bwana Pole alifungua mdomo kutoa pole, Mama akamuwahi.

"Mdomo ni wake," alisema. "Maneno ni yangu. Nilimfundisha mimi."

Hakupaza sauti. Ila mashine moja ilikuwa imesimama, na walio karibu walisikia.

"Na jana pia ni mimi. Yeye alikuwa amelala. Uliyeongea naye ni mimi, bosi. Nilikuambia vizuri kwa sababu uliniuliza, na mtu akiulizwa husema vizuri. Nikakuambia Mungu akipenda. Nilikuwa nakataa."

Bwana Pole alikunja uso kama anayesoma maandishi madogo. Aliuliza kama mama anamaanisha kwamba alijifanya mfanyakazi wake.

"Nilikuamkia," alisema Mama. "Ukaitikia."

Nyuma ya kilima cha mashuka mtu alipasuka kucheka, akajiziba na shuka. Mwingine akamfuata. Kikawa kicheko cha kupokezana, cha chinichini, kikapita kutoka kwenye mapipa ya sabuni hadi kwenye kamba za uani, kwamba Bwana Pole ameamkiwa na bibi kizee akaitikia marahaba. Masikio ya kijana yaliwaka. Alitazama shati lake, akalinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka. Na Mama, akiona masikio yale, alijua kwamba kile alichokikimbia jana amekileta leo kwa miguu yake mwenyewe.

Kijana alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini kuliko siku zote. Alisema mgonjwa aende, hamzuii mtu. Ila yeye ni mwajiriwa kama wengine, ana wa kuwajibu juu yake, na atalazimika kueleza kwamba mfanyakazi alikuja kazini kwa hiari, akasema mbele ya mashahidi kwamba ni mzima, kisha akaondoka katikati ya zamu.

"Pole sana, mama," alisema. Akamtazama binti. "Pole." Akageuka kuondoka, na alipofika mlangoni mwa ofisi yake, bila kutazama nyuma, akasema tena, "Pole."

Foronya alikuwa anahesabu kwa midomo. Ya tatu ilipotoka, akaangalia chini.

Mama alimfungua binti aproni mgongoni, fundo lilikuwa limelowa likagoma, akalikata kwa meno. Dereva aliwabeba, ingawa hakutumwa. Aliwapakia nyuma juu ya mashuka safi ya hoteli, akawaomba wasikohoe sana juu ya yale ya uzi wa bluu, halafu akajisikia vibaya, akasema wakohoe tu.


Nimonia ilirudi na kaka yake. Binti alilazwa kitanda cha pembeni, mrija wa hewa puani, kifua kikipanda na kushuka kama mtu anayepanda ngazi isiyofika juu. Daktari alikuwa yuleyule. Hakugomba. Aliuliza tu kama alilala kama alivyomwambia, na Mama akasema hapana, hakulala, na daktari akaandika.

Foronya alikuja jioni na machungwa. Aliongea habari nyingi za kazini, nani kagombana na nani, nani kapata mchumba, na habari moja hakuileta. Mama alipomsindikiza hadi koridoni alimuuliza. Foronya akatazama ukuta. Alisema kuna msichana mpya kwenye mashine, katoka palepale getini, mrefu, anatumia mkono wa kushoto, si mbaya. Na majina? Foronya akasema majina yametoka. Akamkumbatia Mama ghafla, akaondoka haraka haraka, akasahau mfuko wake wa machungwa mkononi, akarudi kuuleta, akaondoka tena.

Mama alirudi kitandani. Alilainisha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. Shuka la hospitali, lina uzi wa kijani pembeni. Akajikuta anajiuliza hili limepigwa pasi na nani.

Simu ikalia chini ya mto.

Binti alifumbua macho. Hakuwa na pumzi ya kusema haloo. Alimtazama mama yake kwa muda, kisha akaielekezea simu kwa kidevu, kidogo tu, na Mama akajua ameruhusiwa.

"Haloo."

"Dada Pasi?"

"Hapana. Ni mama yake."

Nyuma ya sauti ya bosi alisikia ile mashine kubwa, mfuniko unashuka, mvuke unapumua, fuuu, mikononi mwa mtu mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Habari za hapo?"

Nzuri iliinuka yenyewe mdomoni mwake. Iliinuka kama ilivyoinuka maisha yote, imevaa, imechana nywele, ipo tayari kutoka kumlaki mgeni. Mama aliibana na meno. Alimtazama mtoto wake, mshipa unavyocheza shingoni, kucha zilivyokosa damu.

"Mbaya," alisema.

Alisubiri. Alidhani atasikia pole, japo moja, kwani ilikuwa imefika mahali pake hasa. Haikuja. Huko upande wa pili kijana alikohoa kidogo, akasitasita kama mtu aliyepewa noti asiyoijua. Halafu akasema alikuwa anauliza tu, samahani, kama mgonjwa anaweza kusema neno moja, ile mashine ikitoa mvuke ubavuni, huwa anaifanyaje?

"Mwenyewe hawezi kusema," alisema Mama. "Na mimi simsemei tena."

Hakujua kitufe cha kuzimia kiko wapi. Aliigeuza simu, akabonyeza hiki, akabonyeza kile, hadi akakipata ubavuni, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka mwanga ukafa. Akaitia kifuani, ndani kabisa.

Mkono wa binti ulitoka nje ya blanketi, ukapapasa chini ya mto, ukitafuta. Mama akauwekea wa kwake.